Skafu kwanza, kofia baadaye: kujifunza kuisoma mishono ya kroshia

Mkono unaoanza kroshia huhangaishwa sana na swali la namna ya kushika sindano. Ishike kama kalamu au ishike kama kisu cha kumenyea viazi, mishono itatoka ile ile. Kinachoamua kama skafu itakuwa na pande zilizonyooka, na kama kofia itakaa kichwani au itakunjamana kama jani la kabichi, ni jicho: uwezo wa kuitazama kazi uliyokwisha kuifuma na kusema mshono huu unaanzia hapa, kichwa chake ni hiki, shina lake ni hili. Mwenye jicho hilo huona kosa likiwa changa, akalifumua na kuendelea. Asiye nalo hufuma mistari thelathini kisha anakuta skafu imekuwa pembetatu.

Ndiyo maana tunasisitiza skafu ianze. Skafu ni mstari mmoja unaorudiwa zaidi ya mara mia, na kazi yake kubwa ni kukufundisha kingo: mshono wa kwanza na wa mwisho. Kofia ni duara, na duara lina hesabu yake ambayo haikubembelezi. Anayekimbilia kofia kabla ya kuzijua kingo hupambana na matatizo mawili kwa pamoja na hajui lipi limemwangusha.

Uzi, sindano, na urithi wa vitambaa vya makochi

Nyumba nyingi zina sindano ya kroshia iliyobaki tangu enzi za kufuma vitambaa vya makochi na meza. Ni ya chuma, nyembamba, milimita 1.25 hadi 1.75, na ilitumika na uzi wa pamba mwembamba. Hata iliyochongwa kwa spoku ya baiskeli ni ya milimita 2 hivi. Sindano hizo ni nzuri kwa kazi yake, lakini usijifunzie nazo skafu. Uzi mnene hautoshi kwenye ndoano yake, unachanika nyuzinyuzi, na kidole kinauma bure.

Tafuta sindano ya milimita 5, ya alumini au ya mbao, na uzi wa akriliki wa unene wa kati. Kama bonge lina lebo, angalia uhusiano wa gramu na mita: gramu 100 zenye mita 180 hadi 220 ndizo zinazofaa. Ukikuta gramu 100 zina mita 300 au zaidi, uzi huo ni mwembamba kwa sindano hii. Uchukue mara mbili, nyuzi mbili zikienda pamoja kana kwamba ni moja. Ukiwa na bonge moja tu, ncha moja inatoka katikati ya bonge na nyingine inatoka nje.

Madukani kwetu uzi mara nyingi huuzwa bila lebo. Hapo rula inasaidia. Zungushia uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kubanana, kisha hesabu iliyoingia katika sentimita 2.5. Ikiwa 9 au 10, huo ni uzi wa kati. Ikiwa 14 au zaidi, ni mwembamba, uongeze mara mbili. Ili kujua uzi umetengenezwa kwa nini, kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati na ukiwashe. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu ya kondoo hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi. Tofauti hiyo utaihitaji siku ya kufua: sufu ikiingia maji ya moto na kusuguliwa hujibana na kusinyaa isirudi tena, ilhali akriliki inavumilia kufuliwa lakini inaharibiwa na pasi.

Rangi ya kwanza iwe nyepesi: krimu, njano, kijivu cheupe, samawati. Kwenye uzi mweusi au wa bluu iliyokoza hutaiona mishono, na usichokiona huwezi kukihesabu. Uzi wenye manyoya nao uache. Unaficha mishono, na ukitaka kufumua unashikana. Nyuzi za kusukia nywele zinavutia kwa bei, ila nyingi zimesokotwa kwa ulegevu, na ndoano hupita katikati ya uzi badala ya kuuchukua wote.

Nunua uzi wote wa kazi moja siku moja. Kiwandani rangi hupikwa kwa mafungu, na fungu la leo halifanani kabisa na la mwezi ujao hata kama jina la rangi ni lile lile. Lebo huwa na namba ya fungu. Kama hakuna lebo, peleka mabonge nje ya duka, kwenye mwanga wa jua, uyalinganishe kabla ya kulipa.

Mnyororo

Anza na kitanzi kinachoteleza kwenye sindano. Uzi unaotoka kwenye bonge uuzungushe mara moja kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, uupitishe chini ya vidole viwili vya kati, kisha juu ya kidole cha shahada. Kidole cha shahada ndicho breki: kikiinuka uzi unakaza, kikishuka unalegea. Kidole gumba na cha kati vinashika mkia wa kazi, karibu kabisa na sindano. Wanaotumia mkono wa kushoto wageuze kila kitu kama kwenye kioo, hesabu zote zinabaki zilivyo.

Chukua uzi kwa ndoano, uvute upite ndani ya kitanzi. Hiyo ni pete moja ya mnyororo. Rudia. Kwa mbele, mnyororo unaonekana kama herufi V zilizolaliana, na kila V ni pete moja. Kifundo cha mwanzo hakihesabiwi, wala kitanzi kilichopo kwenye sindano hakihesabiwi. Kosa hilo dogo huwapotezea watu pete moja au mbili kabla hata ya mstari wa kwanza.

Mnyororo wa mwanzoni karibu kila mara hubana mno. Sababu iko kwenye sindano yenyewe. Chini ya ndoano kuna shingo nyembamba, na chini ya shingo kuna mwili wenye unene ule wa milimita 5. Kitanzi kinapaswa kupimwa na mwili. Anayefanyia kazi yote shingoni hupata vitanzi vidogo ambavyo ndoano haipiti mstari unaofuata, naye hudhani tatizo ni nguvu za mkono. Kila unapomaliza pete, acha kitanzi kiteleze hadi kwenye mwili wa sindano kabla ya kuendelea. Kama bado kinabana, fuma mnyororo kwa sindano ya milimita 6, kisha mstari wa kwanza urudi kwenye 5. Mnyororo uliobana huifanya skafu ianze nyembamba na kupanuka kama pindo la sketi, na hakuna ufuaji utakaoiponya.

Mishono mitatu, na mtego wa majina

Kwa skafu na kofia mishono mitatu inatosha. Mshono mfupi: ingiza sindano chini ya kichwa cha mshono, vuta uzi, una vitanzi 2, chukua uzi, vuta upite vyote 2. Mshono wa kati: zungusha uzi kwenye sindano kwanza, ndipo uingize na kuvuta, una vitanzi 3, chukua uzi, vuta upite vyote 3 kwa mkupuo. Mshono mrefu: unaanza sawa na wa kati hadi vitanzi 3, lakini unavuta kupitia 2, halafu unachukua uzi tena na kuvuta kupitia 2 vilivyobaki.

Kichwa cha mshono ni ile V iliyolala juu yake, na shina ni sehemu iliyosimama chini ya kichwa hicho. Ingiza sindano chini ya nyuzi zote mbili za V. Ukichukua moja tu bila kukusudia, kitambaa kinapata mistari ya matundu na kinavutika kuliko kinavyotakiwa.

Mtego uko kwenye maelekezo ya mtandaoni. Waamerika na Waingereza hutumia herufi zile zile kwa mishono tofauti. Kwa Mwamerika mshono mfupi ni sc, wa kati ni hdc, mrefu ni dc. Kwa Mwingereza mfupi ni dc, wa kati ni htr, mrefu ni tr. Kwa hiyo dc inaweza kuwa mfupi au mrefu kutegemea nani ameandika, na kofia iliyokusudiwa mishono mifupi ikifumwa kwa mirefu itakuwa mara mbili ya urefu wake. Ukiona sc mahali popote kwenye maelekezo, hayo ni ya Kiamerika, kwa kuwa Waingereza wa leo hawaitumii.

Skafu: mishono 22, mistari 160

Mshono wa kati unaipa skafu kitambaa kinene chenye joto na unakwenda haraka kuliko mfupi. Kwa uzi na sindano tulivyotaja, mishono 14 hivi inachukua sentimita 10, na mistari 10 hivi inachukua sentimita 10. Mishono 22 inatoa upana wa karibu sentimita 16, na mistari 160 inatoa sentimita 160, urefu wa kuzunguka shingo mara moja na kuning'inia pande zote mbili. Gramu 200 za uzi zinatosha.

Fuma pete 24. Ruka 2 zilizo karibu na sindano, weka mshono wa kati kwenye ya tatu, na mmoja katika kila pete hadi mwisho. Hesabu: lazima iwe 22. Fuma pete 2 za kupandia, geuza kazi, na uweke mshono wa kwanza pale pale chini ya pete hizo, kwenye kichwa cha mshono wa mwisho wa mstari uliopita. Endelea hadi mwisho. Pete 2 za kupandia hapa si mshono, ni ngazi tu. Kama zinaacha uvimbe pembeni, tumia 1.

Hapa ndipo skafu nyingi zinapoharibikia, na inafaa tukae hapa kidogo. Kuna makosa mawili, nayo yanavuta pande tofauti.

La kwanza ni kupoteza mshono wa mwisho. Ukigeuza kazi, mshono wa mwisho wa mstari hujificha: umeinama upande, kichwa chake kimekaza kuliko vingine, na macho yanaona kama mstari umeisha. Ukiuruka kila mstari, skafu iliyoanza na mishono 22 inabaki na 12 baada ya mistari 10 tu. Hiyo ndiyo pembetatu.

La pili ni kuweka mshono kwenye ngazi. Unafika mwisho, umemaliza mishono 22, unaona pete za kupandia za mstari uliopita zimesimama pembeni zikikuita, unaweka mshono wa 23. Mstari ujao 24. Skafu inapanuka kama kanzu.

Dawa ya yote mawili ni pini. Kila unapomaliza mshono wa kwanza wa mstari, tia pini ya nguo au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kichwa chake. Ukirudi, pale penye pini ndipo mshono wako wa mwisho. Usiweke kingine baada yake, usiishie kabla yake. Baada ya mistari kumi utaanza kuuona bila pini, lakini endelea kuhesabu kila mstari hadi wa kumi, kisha kila baada ya mistari mitano.

Na ukikosea, fumua. Kiswahili kimeweka kufuma na kufumua kwenye shina moja, na kroshia ndivyo ilivyo: kitanzi kilicho hai ni kimoja tu wakati wowote, kwa hiyo ukitoa sindano na kuvuta uzi kazi inafunguka mshono mmoja mmoja na kusimama pale unapotaka. Anayefuma sweta kwa sindano mbili hana raha hiyo. Akiachia mstari, vitanzi mia vinamtazama. Kufumua mistari miwili kunachukua dakika moja. Kuvumilia kosa la mstari wa 12 hadi wa 160 kunakupa kitu ambacho hakitavaliwa.

Uzi ukikaribia kuisha, usifunge kifundo katikati ya mstari. Kifundo husukumwa hadi upande wa mbele baada ya kufuliwa, na kikifunguka kinaacha tundu. Badilisha mwishoni mwa mstari: katika mshono wa mwisho, ukiwa na vitanzi 3 kwenye sindano, vuta uzi mpya badala ya ule wa zamani, na uache mikia ya sentimita 15 pande zote mbili. Mbinu hiyo hiyo ndiyo ya kubadilisha rangi; ukiibadilisha mshono mmoja baadaye, rangi ya zamani inabaki kama doa kwenye mstari mpya. Mikia ifiche kwa sindano butu yenye tundu kubwa: ipitishe kulia kwa sentimita 5, rudi kushoto mstari wa juu, kisha kulia tena. Njia moja tu haitoshi, itachomoka.

Ukitaka matamvua, kata nyuzi zake kabla ya kuanza skafu, kwa sababu mwishoni uzi huwa umekwisha. Zungushia uzi kwenye kadi ya sentimita 16 na ukate upande mmoja, kila uzi utakuwa na sentimita 32. Tamvua la nyuzi 2 kwenye kila mshono wa pili, ncha zote mbili za skafu, linahitaji nyuzi 44, yaani mita 14. Kidogo sana, lakini zikikosekana zimekosekana.

Kwa anayeendesha bodaboda, matamvua na ncha ndefu si pambo. Upepo huzipeleka nyuma, na gurudumu au mnyororo wa pikipiki ukizidaka, shingo ndiyo iliyofungwa upande wa pili. Mfumie skafu ya mviringo: anza na pete 37, upate mishono 35, sentimita 25 za kimo, fuma mistari 62, kisha unganisha mwanzo na mwisho kwa mishono mifupi. Inaingia kichwani, haina ncha, na inakula gramu 120 hadi 130. Kofia nene chini ya helmeti pia isiwepo, kwani inaiinua helmeti isikae mahali pake.

Kofia: hesabu ya utosi

Kofia ya baridi, ile ambayo wengine huita mzula na wengine boshori, huanzia utosini. Unafuma duara bapa, duara likifika kipimo unaacha kuongeza, na kuta zinashuka zenyewe. Kila kitu kinategemea kujua kipimo hicho ni kipi.

Pima kichwa kwa utepe juu kidogo ya nyusi na masikio. Watu wazima wengi wako kati ya sentimita 54 na 58. Kroshia huvutika, kwa hiyo kofia iwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 3 hadi 5: kichwa cha 56, kofia 52. Gawanya 52 kwa 3.14, unapata karibu 16.5. Huo ndio upana wa duara la utosi mahali pa kuacha kuongeza. Weka rula katikati, uone.

Kabla ya kofia, fuma kipande cha majaribio: mishono mirefu 20, mistari 10. Hesabu katikati ya kipande, mbali na kingo, ni mishono mingapi imo ndani ya sentimita 10. Watu wengi hawapendi hatua hii, na ni wao hao wanaopata kofia inayofunika pua. Kama ni 14, mishono 72 inatoa sentimita 51, kofia ya mtu mzima. Kama mkono wako umelegea na ni 12, mishono 72 inatoa 60, kubwa mno. Acha kwenye 60, ambayo ni sentimita 50. Kama unakaza na ni 16, mishono 72 ni 45 tu. Nenda hadi 84, upate 52.5.

Sasa duara lenyewe. Zungushia uzi kwenye vidole viwili, ingiza ndoano, vuta kitanzi, fuma pete 3. Hizi 3, tofauti na zile 2 za skafu, zinahesabiwa kuwa mshono mrefu mmoja kwa sababu kimo chake ni sawa nao. Ndani ya kitanzi kikubwa weka mishono mirefu 11, jumla 12. Vuta mkia, tundu linajifunga. Unganisha kwa mshono wa kuungia kwenye pete ya tatu: ingiza sindano, chukua uzi, vuta upite kila kitu. Kama kitanzi cha kukaza kinakushinda, fuma pete 4, zifunge kuwa mviringo, na uweke mishono 12 humo ndani. Tundu dogo litabaki, halina madhara.

Mzunguko wa pili: pete 3, mshono mmoja pale pale zilipotokea, halafu miwili katika kila mshono. Jumla 24. Wa tatu: mmoja katika mshono wa kwanza, miwili katika unaofuata, rudia, 36. Wa nne: mmoja, mmoja, miwili, 48. Wa tano: mmoja mara tatu, kisha miwili, 60. Wa sita: mmoja mara nne, kisha miwili, 72. Kila mzunguko unaongeza 12, na namba hiyo haikubuniwa. Mshono mrefu una kimo cha karibu sentimita 1.4, kwa hiyo kila mzunguko unaongeza ukingo wa duara kwa karibu sentimita 9, na sentimita 9 ni mishono 12 au 13. Mshono mfupi, kwa kuwa ni mfupi, unaongeza 6 tu. Ukichanganya, yaani ukafuma mifupi kwa hesabu ya 12, utapata ua.

Duara likisema nawe lisikilize. Likiwa na mawimbi pembeni, mishono ni mingi: ama umeongeza mara mbili mahali fulani, ama umeufuma mshono wa kuungia kama mshono wa kawaida. Hilo la pili ndilo la mara kwa mara. Ukihesabu ukapata 49 badala ya 48, litafute pale mzunguko unapoanza. Duara likijikunja kama bakuli mapema, mishono ni michache au mkono unakaza. Kujikunja kidogo mzunguko wa tano au wa sita kunavumilika, kofia ni bakuli hata hivyo. Mawimbi hayavumiliki, yatabaki utosini daima.

Baada ya mzunguko wa sita, fuma 72 bila kuongeza. Mzunguko wa saba na wa nane kofia itaonekana kama sahani tu, na wengi hufumua wakidhani wamekosea. Ngoja hadi wa tisa, kuta zitaanza kushuka. Wakati huo huo kazi hupenda kujigeuza, ndani ikawa nje. Igeuze kwa mkono, upande wa mbele uwe nje, uendelee. Pale unapounganisha kutakuwa na mstari unaoteleza mshazari kwenda upande mmoja. Si kosa, ni tabia ya mshono wenyewe kutokaa katikati kabisa ya ule wa chini yake.

Jumla ya mizunguko 15 inatoa kimo cha karibu sentimita 21 kutoka utosini hadi ukingoni, kinachofunika nusu ya masikio. Kofia ya kukunja ukingo inataka sentimita 5 zaidi. Gramu 100 zinatosha ya kwanza. Ya pili inataka 120.

Ukingo unaobana hufumwa kwa kuzunguka mashina: badala ya kuingiza sindano kwenye kichwa cha mshono, ipitishe nyuma ya shina lake kutoka mbele, ufume mshono mrefu, shina linalofuata lizungukwe kutoka nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, mizunguko 3. Lazima idadi iwe shufwa, na 72 ni shufwa. Huu ndio ukingo unaoizuia kofia kupanuka baada ya miezi miwili ya kuvaliwa, na ni sababu ya kutosha ya kujifunza mshono huo hata kama siku ya kwanza unachosha.

Mtoto mchanga ana kichwa cha sentimita 34 hadi 36. Tumia uzi mwembamba zaidi na sindano ya milimita 4. Kama mkono wako unatoa mishono 16 kwa sentimita 10, mizunguko 4 ya kuongeza, mishono 48, inatoa sentimita 30 zinazovutika hadi kichwani, na kimo cha 13 kinatosha. Usitie kamba za kufungia chini ya kidevu wala vifungo. Kamba hukaba na vifungo humezwa.

Mwenye rasta anahitaji hesabu nyingine. Funga nywele kama zinavyokaa siku zote, upime kimo kutoka juu ya nywele hadi kwenye paji. Ongeza hadi mishono 96, mizunguko 8, shuka bila kuongeza hadi zibaki sentimita 4, kisha punguza: mmoja, mmoja, halafu miwili ifumwe pamoja kuwa mmoja, rudia. Makundi 24 ya mishono minne yanakuwa ya mitatu, na umerudi kwenye 72 inayokamata kichwa. Kuifuma miwili pamoja ni kuuacha kila mshono mrefu na kitanzi chake cha mwisho, ukawa na vitanzi 3, ndipo unavuta uzi upite vyote.

Uliyemaliza, rudi kwenye mkia wa utosini. Kitanzi cha kukaza kinashikiliwa na mkia huo peke yake, na ukiukata karibu kwa ajili ya unadhifu, utosi utafunguka siku ya kwanza ya kufua. Uzungushe ndani ya duara mara mbili kwa sindano butu, uupitishe chini ya mashina ya mzunguko wa kwanza, geuza mwelekeo, upitishe tena, ndipo ukate.

Fua kwa maji baridi au vuguvugu na sabuni laini. Usikamue kwa kusokota; viringisha ndani ya taulo na ubonyeze. Skafu uitandaze bapa, kwa kuwa ikining'inizwa kwenye kamba ikiwa na maji hurefuka na kuwa nyembamba. Kofia ivishe bakuli lenye upana unaokaribia kichwa, kivulini, utosi juu, hadi ikauke.